Picha yangu imejaa ukuta wa uwanja, mfukoni sina kitu. Nichukue dola 3,000 za mwenye duka?

Mwalimu,

Pokea salamu zangu kutoka mbali. Mimi ni msichana wa miaka 21, mzaliwa wa Elgeyo Marakwet, na niko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Midwest, Marekani. Nilikuja kwa skolashipu ya riadha. Majani yakianza kupukutika nakimbia mbio za nyika, theluji ikiisha naingia uwanjani mita 5,000 na 10,000. Karo, chumba, chakula, vitabu na bima vyote vimelipiwa. Karatasi niliyotia sahihi inasema thamani yake ni dola 52,000 kwa mwaka. Sijawahi kushika hata moja.

Mwaka jana tulishinda taji la konferensi, yaani ligi ya vyuo vyetu, na mimi nikamaliza wa pili. Kocha alipata bonasi, wala hakuificha, alitununulia piza. Chuo nacho kikabandika picha yangu ukutani nje ya uwanja wa futboli ya Kimarekani, kubwa kuliko nyumba yetu ya Kapsowar. Wanafunzi wapya hujipiga selfi nayo. Juzi nilipita hapo nikitoka mazoezini, mkononi nina sarafu nne nazihesabu, nikijiuliza kama zitatosha mashine ya kufulia nguo.

Msichana ninayelala naye chumba kimoja ni Mmarekani. Katika kilomita 6 huwa namwacha kwa dakika nzima. Lakini ana wafuasi wengi Instagram, na kila mwezi analetewa maboksi ya viatu, poda za protini na hundi. Wanaita NIL, yaani pesa za jina na sura yako. Hana kosa, ni rafiki yangu, na hunigawia hizo poda. Ila mimi ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilinionya nisiguse, kwa sababu niko kwa viza ya F-1.

Sasa kuna mwenye duka la viatu mjini. Anataka anipe dola 3,000 kwa picha tatu, video fupi moja, na Jumamosi moja nisimame dukani nikisaini fulana. Nilipomweleza habari ya viza akacheka. Akasema pesa atamtumia kaka yangu Eldoret, ihesabike ni zawadi. Mkenya mmoja aliyemaliza hapa ananiambia ndivyo wote wanavyofanya.

Mwalimu, baba aliuza ng'ombe wawili nipate nauli. Mdogo wangu amerudishwa nyumbani mara mbili muhula huu kwa sababu ya karo. Wiki iliyopita baba alinipigia akasema: "Tunakuona kwenye simu ukishinda. Hizo pesa za ushindi zinakwenda wapi?" Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika.

Je, si haki wanamichezo wa vyuo tulipwe zaidi ya skolashipu? Na kama ni haki, kosa langu ni lipi nikichukua?

Mkimbiaji wa Kapsowar

MWALIMU ANAJIBU

Binti yangu,

Umefunga maswali mawili kwa kamba moja kama mzigo wa kuni. Kulipwa ni haki? Ndiyo. Uchukue dola 3,000 za huyo mwenye duka? Hapana. Ninachoogopa ni kwamba unataka ile ndiyo ikuvushe hii hapana, na afisa wa uhamiaji hatakuuliza haki ni nini.

Nianze na duka, maana Jumamosi haiko mbali.

Viza ya F-1 inakuruhusu kusoma. Kazi inakuruhusu ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo mpaka uwe na kibali. Kusimama dukani ukisaini fulana kwa malipo ni kazi. Kupiga picha ya tangazo ni kazi. Pesa ilipwe Eldoret, ilipwe Dubai, ilipwe kwa magunia ya mahindi, kazi imefanyika Midwest na aliyeifanya ni wewe. Kuipitishia kwa kaka yako hakupunguzi kosa, kunaliongezea udanganyifu, tena wenye ujumbe wa M-Pesa wa kuuthibitisha. Halafu hebu fikiria kitu chenyewe ni nini. Tangazo hutengenezwa ili lionekane. Utalificha vipi? Mwenye duka ataliweka kwenye ukurasa wake, na tarehe yake juu.

Yapo makosa ya viza ambayo mwanafunzi anaweza kuomba asamehewe na kurejeshewa hadhi yake. Aliyefanya kazi bila kibali huwa amejifungia mlango huo. Mwenye duka hatapoteza kitu. Huyo Mkenya aliyemaliza naye ameshamaliza, na wale walionaswa hawako hapo chuoni wakuhadithie.

Mtu huyo mjibu kwa maneno machache: "Asante, viza yangu hairuhusu." Usimweleze zaidi, maana kila unachoeleza atakitafutia njia ya kuzunguka.

Sasa tuje kwenye haki, na hapa nitakaa kidogo. Nimefundisha michezo shule ya upili miaka mingi na nimesindikiza vijana kama wewe uwanja wa ndege, mmoja akiwa na njumu shingoni kwa sababu begi lilizidi kilo. Siku zile niliamini masomo ya bure ni malipo tosha. Siamini tena.

Neno lenyewe wanalokuitia, "mwanafunzi-mwanamichezo", lilizaliwa kwa woga wa kulipa. Mwaka 1955 kijana Ray Dennison wa chuo cha Fort Lewis A&M, Colorado, aliumia kichwa katika mechi ya futboli akafa. Mjane wake akadai fidia ambayo mfanyakazi akifia kazini familia hupewa. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima: marehemu hakuwa mfanyakazi. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, tangu 1951 hadi 1987, alikuja kuandika mwenyewe kwamba wao ndio waliolitunga neno hilo na kulisambaza, wakikimbia tishio la wachezaji kuitwa waajiriwa. Kwa hiyo ukilisoma kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi, jua limekaa hapo kwa kazi maalumu.

Pesa zipo. Haki za kuonyesha mashindano ya vikapu ya wanaume ya mwezi Machi peke yake zinaipa NCAA wastani wa dola bilioni 1.1 kwa mwaka hadi 2032. Lakini mwaka 2014 Shabazz Napier, nyota wa timu iliyoshinda mashindano hayo hayo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku hulala njaa. Siku chache baadaye NCAA ikaruhusu vyuo kuwapa wachezaji chakula bila kikomo. Miaka yote hiyo kulikuwa na sheria ya kupima chakula!

Halafu kuna hili ambalo hunichekesha. Mtoza kodi wa Marekani anahesabu ile sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula chako kuwa kipato, na anataka fungu lake. NCAA miaka nenda miaka rudi ikasema hiyo si malipo. Kitanda kimoja, serikali inakiita kipato na chama cha michezo kinakiita elimu. (Kama hujajaza fomu ya kodi ya 1040-NR, nenda ukaulize kesho.)

Ukuta ulianza kubomoka mahakamani. Juni 2021, katika kesi ya Alston, ya wachezaji walioishtaki NCAA kwa kubana malipo yao, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA, na Jaji Kavanaugh akaandika kwamba NCAA haiko juu ya sheria. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, NIL ikafunguliwa. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha maafikiano ya kesi ya House, nayo ya wachezaji dhidi ya NCAA: kama dola bilioni 2.8 za fidia zilipwe kwa miaka 10, na kuanzia Julai mwaka huo chuo kilichojiunga na maafikiano hayo kiweze kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ubishi wa kama wanamichezo walipwe au wasilipwe umepitwa huko Marekani. Kilichobaki ni nani alipwe, na kutoka fungu la nani.

Hapo ndipo pana mwiba wako, na sitakuficha. Pesa hizi zinaletwa na futboli, na vikapu nyuma yake. Mbio za nyika haziuzi tiketi. Wewe na wenzako mnakula kutoka sufuria iliyopikwa na vijana wenye helmeti, wengi wao weusi, wengi wao kutoka nyumba ambazo nazo hazina kitu. Tukisema kila mtu alipwe kadiri ya anachoingiza, wao watapata mamilioni na wewe utapata nauli ya basi. Na mkurugenzi wa michezo akitafuta hizo milioni 20.5, hatakata futboli. Maafikiano yayo hayo yameweka kikomo cha idadi ya wachezaji kwa timu: 45 riadha, 17 mbio za nyika. Kijana wa Iten anayekuja nyuma yako, wa nafasi ya 18, hana timu.

Bado nasema walipwe. Siwezi kumwambia kijana anayevunjwa magoti kila Jumamosi mbele ya watu 80,000 akose haki yake ili mimi nipate kupeleka wakimbiaji wangu Marekani. Lakini wewe unaposema "tulipwe", ujue hiyo "tu" ina watu ndani yake ambao hawataki kitu kimoja.

Wewe dai lako lina nguvu mahali pengine: ile picha. Chuo kinauza kwa sura yako. Rafiki yako anaruhusiwa kuuza sura yake, wewe huruhusiwi, na tofauti yenu si kasi wala bidii, ni rangi ya pasipoti. Sheria ya viza iliandikwa kabla mtu yeyote hajawaza NIL, na hakuna aliyeharakisha kuirekebisha. Huo ni uonevu, na wanafunzi wa kigeni wana haki ya kuusema kwa sauti, kwenye baraza la wanamichezo la chuo, kwenye ofisi ya mbunge wa wilaya hiyo ya Marekani. Peleka barua. Usipeleke mkataba wa siri.

Sasa njia zilizo wazi, maana najua utasema maneno hayafui nguo.

Kwanza, sarafu za mashine. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu ya NCAA, vina mfuko wa NCAA wa kuwasaidia wachezaji wenye uhitaji, na wageni wamo. Mfuko huo umewahi kulipia nguo za baridi, umewahi kulipia nauli ya kwenda msibani. Wakimbiaji wetu wengi hawauombi kwa sababu ya aibu, au kwa sababu hakuna aliyewaambia upo. Muulize afisa wa sheria za michezo wa chuo chako, wala usimzunguke kocha, mwambie umekwenda.

Pili, tangu ile kesi ya Alston chuo kinaweza kumpa mwanamichezo hadi dola 5,980 kwa mwaka kama zawadi ya kufanya vizuri darasani. Si vyuo vyote vinatoa. Uliza kama chako kinatoa, na kama aliye na F-1 anapewa. Jibu lije kwa barua pepe, si kwa mdomo.

Tatu, kazi ndani ya chuo. Maktaba, bwalo, maabara. Najua utaniuliza muda uko wapi. Sheria ya NCAA inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, na mimi nawe tunajua ile kilomita 25 ya Jumapili huitwa "ya hiari" ili isihesabiwe. Basi usijitie saa 20 za kazi juu yake. Chukua nane. Kwa nane utafua nguo na kila mwezi utamtumia mdogo wako kitu.

Nne, nyumbani. Agosti 2022 timu ya vikapu ya Kentucky ilisafiri Bahamas kwa mechi za maonyesho. Ndani yake alikuwamo Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyekuwa ametajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima mwaka ule. Naye alikuwa na viza ya mwanafunzi kama yako. Basi katika siku hizo chache, akiwa nje ya ardhi ya Marekani, akapiga picha zake za matangazo na kurekodi video zake. Usiubebe mfano huo kichwakichwa, alikuwa na chuo kizima na mawakili nyuma yake. Lakini unaonyesha njia: Juni ukiwa Kapsowar, kampuni ya Kenya ikitaka sura yako, kila kitu kuanzia sahihi hadi malipo kifanyike na kukamilika Kenya kabla hujapanda ndege. Kabla ya hapo mkataba usomwe na wakili wa uhamiaji na ofisi ya chuo, kwa sababu mikataba ya kuanzia dola 600 lazima iripotiwe. Na kodi ya Kenya ulipe, usije ukakimbia serikali mbili kwa mpigo.

Kuna karatasi moja inayonitia wasiwasi kuliko yote haya: ile uliyotia sahihi. Umeniambia thamani yake kwa mwaka. Hukuniambia ni ya miaka mingapi. Mwaka 1973 NCAA ilifanya ufadhili uwe wa mwaka mmoja mmoja, na kwa karibu miaka 40 kocha aliweza kumtema mkimbiaji aliyevunjika mfupa wa mundi kama anavyotupa kiatu kilichotoboka. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa visipunguze wala kufuta ufadhili kwa sababu ya jeraha au muda mbaya wa mbio, na jeraha ulilolipata ukichezea chuo liwe na bima hadi miaka miwili baada ya kuondoka. Hayo ni malipo zaidi ya masomo, binti yangu, ingawa hayaji kwenye boksi. Chukua kalamu, tafuta hayo mambo mawili kwenye karatasi yako. Usipoyaona, dai yaandikwe. Nyota wa konferensi ana nguvu ya kudai Novemba kuliko Mei, kwa hiyo nenda wakati bado wanashangilia.

Kuhusu baba. Usinyamaze tena. Kimya cha simu ya Marekani huku nyumbani husomwa kuwa majivuno. Lakini pia usimtajie hizo dola 52,000. Zikigeuzwa shilingi zinakaribia milioni 6.7, na kuanzia siku hiyo kila harambee kuanzia Kapsowar hadi Chebiemit itakuwa na jina lako juu ya orodha. Mwambie hivi: "Baba, nikishinda mbio za chuo hakuna pesa za ushindi. Ushindi unanilinda nisirudishwe nyumbani kwa karo kama mdogo wangu. Nikipata kazi ya maktaba nitakuwa natuma kiasi fulani kila tarehe tano." Utaje kiasi chenyewe, kidogo unachokiweza, na tarehe usiikose. Mzee aliyeuza ng'ombe anaelewa kitu kinachokuja kila mwezi.

Karo ya mdogo wako ya muhula huu haiwezi kungoja maktaba. Mwambie baba aende kwa mwalimu mkuu na aombe kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, na apite ofisi ya basari ya eneo bunge akiwa na barua ya shule. Nimeketi upande wa pili wa ile meza. Mzazi anayekuja kabla mtoto hajafukuzwa husikilizwa kuliko anayekuja baadaye kwa hasira.

Ukija Juni, pita kwangu na hiyo karatasi ya ufadhili. Njoo na nakala mbili, macho yangu hayapendi skrini.